Haki ya Kuita

"Mwaka huu hakuna sherehe," alisema Kapteni Cornelius Garrity, naye aliyasema hayo akiwa amempa binti yake kisogo, akiosha kikombe ambacho tayari kilikuwa kimetakata.

Nuala alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko la baba yake, koti lingali mwilini, theluji ya Machi ikimyeyukia viatuni. Tangu apate akili hakuwahi kuiona Jumapili ya gwaride la Waayalandi la kila Machi ikipita bila karamu ya akina Garrity. Marehemu mama yake, Peg, ndiye aliyekuwa akiiandaa katika ukumbi wa parokia, kwa bendi ya kukodi na meza zilizotandikwa vitambaa vya kijani, na Waayalandi wa mji ule wa Holyoke, wakubwa kwa wadogo, walikula na kucheza humo mpaka magoti yakalegea. Sasa Peg alikuwa makaburini, na ufunguo wa ukumbi ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, ambaye ndiye huyu aliyekuwa akiosha kikombe.

"Hakuna sherehe kabisa, Baba, au hakuna sherehe kwa kuwa Efraín atakuwapo?"

Mzee alifunga bomba la maji. Alikuwa ameongoza kikosi cha zimamoto cha mji ule kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na ijapokuwa alikwisha kustaafu, mazoea ya kutoa amri mara moja tu hayakuwa yamestaafu pamoja naye.

"Babu yako alizaliwa kule chini kwa maskini, kwenye mifereji ya viwanda," alisema, "akatoka huko kwa jasho lake. Mimi nikakulea huku mlimani ili usirudi. Wewe umerudi kwa miguu yako mwenyewe, ukapanga huko, na sasa wataka kuolewa na kijana wa hukohuko."

"Kijana huyo ni mwalimu wa hesabu."

"Sikuuliza kazi yake. Ni mtu wa Puerto Riko. Si mtu wetu."

"Anapiga magoti kanisani kama wewe, anashika rozari kama wewe. Sijui wataka awe mtu wetu kwa lipi zaidi."

Hapo ndipo mzee alipogeuka. Macho yake yalikuwa ya kijivu na makavu, na Nuala, aliyeyarithi macho hayohayo, hakuyainamisha ya kwake.

"Sikiliza, binti yangu. Ukimsimamisha yule mbele ya watu wetu siku hiyo, mahali alipokuwa akisimama mama yako, basi harusi yenu ya baada ya Pasaka msiniwekee kiti. Sitakushika mkono kwenda altareni. Utakwenda peke yako."

Maneno hayo yalimchoma Nuala pale alipokuwa laini kuliko pote, kwa maana tangu utotoni aliijua njia ile ya katikati ya kanisa, na katika ndoto zake zote mkono uliomshika ulikuwa ule mkono mpana, wenye kovu la moto. Hata hivyo alifunga vifungo vya koti lake, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Basi sherehe ipo," alisema. "Itakuwa kwangu, ghorofa ya tatu, gwaride likiisha. Nawe umealikwa, Baba."

Akatoka kabla sauti haijamsaliti.

Efraín Colón alikuwa akimngoja kwenye ngazi za nyumba aliyopanga Nuala, mabega ameyakunja kwa baridi. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sura, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka mwenzake amalize, na Nuala alimpenda kwanza kwa kule kunyamaza, kabla hajampenda kwa mengine. Alipokwisha kusikia yote, alikung'uta theluji ya ngazi kwa ncha ya kiatu. Kisha alisema, kwa utaratibu wa mtu aliyepima maneno yake, kwamba labda ingekuwa busara yeye asiwepo. Angeshinda kwa mama yake Jumapili ile, Nuala afanye karamu na watu wake, na mzee apate nafasi ya kupoa.

"Ukishinda kwa mama yako Jumapili hiyo," Nuala alimjibu, "utashinda huko maisha yako yote. Mimi simfichi mume wangu chooni wageni wakija."

"Bado si mumeo."

"Kwa hiyo usinipinge kabla ya wakati wake."

Efraín alicheka, ingawa hakukusudia. Akamtazama, na katika kutazama kule palikuwa na shukrani na hofu na kitu cha tatu kilichoupandisha moto usoni mwa Nuala licha ya upepo wa mtoni. Hawakugusana mikono. Watu walikuwa wakipita, naye Efraín alikuwa amelelewa na mama asiyependa maonyesho ya barabarani.

Sasa, sherehe haifanywi kwa jeuri peke yake. Nuala alikuwa karani wa maktaba, na akiba yake ilikuwa imekwisha kumezwa na maandalizi ya harusi. Bendi hakuweza kuikodi, wala ukumbi, wala mpishi. Alichokuwa nacho ni ukaidi wa akina Garrity na kichwa cha mama yake. Alijua kwamba juma lile maduka makubwa huitupa nyama ya ng'ombe ya chumvi kwa bei ya bure ili kuvuta wateja, ila kila mteja hupewa kipande kimoja tu. Basi walikwenda yeye, Efraín na mama yake Efraín, Doña Iluminada, yaani Bibi Iluminada, kila mmoja na kikapu chake, kila mmoja mteja kwa haki yake. Efraín, aliyesimama nyuma ya Nuala kwenye foleni kama asiyemjua, alimwinamishia kichwa kwa adabu kubwa na kumwuliza kama bibi huyu huja dukani hapa mara kwa mara. Nuala alimjibu kwamba hazungumzi na wanaume asiowajua. Yule mama wa kwenye mashine ya malipo aliwatazama wote wawili, akashusha pumzi, na kuwaambia waoane upesi, foleni ni ndefu.

Kabichi na viazi havikumsumbua mtu. Mkate wa magadi aliuoka mwenyewe, akaukata alama ya msalaba juu kama alivyofundishwa. Mapambo aliyakata kutoka mabango ya zamani ya maktaba, akayapaka kijani. Kila mgeni aliambiwa aje na kinywaji chake. Viti viliazimwa kwa Bwana Twomey, mwenye nyumba ya mazishi, ambaye alikubali mara moja ila akasisitiza virudi Jumatatu asubuhi, kwani alikuwa na mteja asiyeweza kuahirishwa.

Shangazi Bernadette, dada yake Kapteni, alifika asubuhi ya gwaride bila kuitwa, akiwa amekuja, kwa maneno yake, kuiona aibu kwa macho. Alizunguka sebule ile ndogo akigusa kila kitu kwa ncha ya kidole. Alipofika kwenye chupa za jamu zilizopangwa ziwe bilauri, alisimama.

"Mama yako angezirai," alisema.

"Wewe ndiye uliyeniambia, Shangazi, kwamba karamu yake ya kwanza watu walinywea makopo ya maziwa."

Shangazi alivua koti lake. Kisha akauliza aproni iko wapi, na kwa nini kabichi imewekwa jikoni mapema hivyo, wataka kuwalisha watu matambara?

Gwaride lilipokwisha walikuja. Wengine walikuja kwa mapenzi, wengine kwa uchu wa kuona kitakachotokea, nao hao wa pili walikuwa wengi zaidi. Ngazi zilijaa makoti. Doña Iluminada alipanda na sufuria ya wali wa mbaazi iliyofunikwa kwa kitambaa, akaiweka katikati ya meza, baina ya nyama na viazi, pasipo kumwomba mtu ruhusa, kisha akakaa karibu na dirisha, mgongo wima, mkoba mapajani. Mpiga fidla mmoja mzee aliyekubali kupiga kwa ujira wa sahani iliyojaa alianza polepole, na kabla wali haujafika nusu, sakafu ya ghorofa ya tatu ilikuwa ikitikisika. Jirani wa chini aligonga dari kwa ufagio. Baadaye akapanda mwenyewe, na ufagio wake, akapewa sahani.

Nuala alikuwa akimtafuta Efraín kwa macho kupitia vichwa vya watu, na kila alipomtafuta alimkuta tayari akimtazama.

Kisha mlango ukafunguliwa, na Kapteni Garrity akasimama pale na koti lake refu, ukanda wa gwaride ungali kifuani. Nyuma yake alikuwapo Declan, kaka yake Nuala, mtu mnene wa shingo na mwepesi wa ulimi. Fidla ilikatika.

"Nimekuja kumchukua dada yangu," alisema mzee. Hakuvua kofia.

"Dada yako anakula," alijibu Shangazi Bernadette kutoka mezani, kinywa kimejaa. "Ngoja."

Basi mzee alingoja, amesimama kando ya mlango, akikataa kiti na bilauri na sahani, na kwa kungoja kwake aliipoza sebule nzima. Ili kuipasha tena, Bwana Twomey alianza kuimba. Hapo ikaanza ile desturi ambayo akina Garrity hawajapata kufanya karamu bila hiyo: aliyeimba ndiye mwenye haki ya kumwita atakayemfuata, na aliyeitwa hana njia ya kukataa. Aimbe, asome shairi, acheze, asimulie, lakini atoe kitu, maana kukataa mwito ni kuitukana nyumba. Bwana Twomey alimwita Shangazi, Shangazi akamwita Declan. Declan aliimba vizuri, kwa kuwa sauti alikuwa nayo, na alipomaliza alifuta midomo kwa kiganja na kutabasamu.

"Haki ni yangu," alisema. "Namwita bwana arusi. Atuimbie kitu cha kwetu."

Kicheko kidogo kilipita chumbani. Declan alijua, na wote walijua, kwamba Efraín hana wimbo hata mmoja wa Ayalandi. Kusudi lilikuwa asimame, ababaike, akae chini akiwa mdogo kuliko alivyosimama. Lakini katika furaha ya kumkomoa mtu, Declan alikuwa amesahau jambo ambalo mtoto yeyote wa nyumba ile alilijua, nalo ni kwamba umwitapo mtu, humwachii aibu peke yake. Unamwachia na haki.

Nuala alifungua mdomo ili amkinge. Efraín alimzuia kwa macho.

"Sina wimbo wa kwenu," alisema Efraín. "Nina wa babu yangu, aliyekuwa akichuma kahawa milimani. Huo ndio nitakaoutoa."

Akaimba, mikono nyuma kama mwanafunzi, kwa sauti isiyo kubwa. Ulikuwa wimbo wa mtu anayeteremka mlima na gunia lake, akiitazama taa ya nyumba asiyoruhusiwa kuingia. Hayo Nuala aliambiwa baadaye. Wakati ule alichokielewa ni kwamba mpenzi wake haombi radhi. Kwenye ubeti wa pili, fidla ilianza kumfuata chini chini. Alipomaliza, hakuna aliyecheka. Bwana Twomey aligonga meza kwa kifundo cha kidole, na hiyo kwa watu wale ni sifa kubwa kuliko makofi.

"Haki yako, kijana," alisema Bwana Twomey. "Ita."

Wote waligeuka kumtazama Nuala, kwani nani mwingine angemwita?

"Namwita Bwana Cornelius Garrity," alisema Efraín.

Hata jirani wa chini alishusha ufagio wake. Mzee hakutikisika, ila kovu la mkono wake liligeuka jeupe.

"Mimi si mgeni humu," alisema. "Nimekuja kumchukua dada yangu."

"Umepita mlango, Con," alisema Shangazi Bernadette. "Aliyepita mlango huitwa. Sheria hiyo ulinifundisha wewe."

"Sijaimba tangu kifo cha Peg. Watu wote wanajua."

"Baba asilazimishwe," Declan aliingilia kwa haraka, jasho limemtoka. "Ulikuwa mzaha tu. Mimi nitaimba tena badala yake."

"Hutaimba." Nuala alikuwa amekwisha kufika katikati ya chumba. Sauti yake ilitoka imenyooka. "Hakuna anayemwimbia mwenzake katika nyumba hii. Baba, mlango uko wazi na ngazi unazijua. Ukitaka kuondoka, ondoka. Lakini sema kwanza, mbele ya watu hawa, kwamba umeitwa katika nyumba ya binti yako na umekataa mwito. Useme kwa kinywa chako mwenyewe."

"Unanipa amri, Nuala?"

"Nakupa desturi yako. Harusi nitafunga. Njia ya kanisa nitaipita peke yangu ikibidi, na kichwa nitakiinua, kwa maana wewe ndiye uliyenifundisha kukiinua. Sitakuja kupiga magoti mlangoni pako. Hilo ujue. Ila leo mtu aliyeketi mezani kwangu amekuita kwa heshima, kwa jina lako kamili. Mjibu yeye."

Baba na binti walitazamana, kijivu kwa kijivu, na kwa muda ule sebule nzima iliacha kutafuna. Aliyekuwa akimjua mzee vizuri angeona jinsi taya lake lilivyosaga, kama mtu anayetafuna mfupa. Kukataa kulikuwa kumo mdomoni mwake. Nuala aliliona neno lenyewe likija, akalingoja, wala hakurudi nyuma hata nusu hatua.

Neno halikutoka. Kilichotoka kilikuwa sauti iliyokwaruza kama bawaba ya mlango usiofunguliwa siku nyingi, na mstari wa kwanza hawakuusikia sawasawa. Wa pili waliusikia. Ulikuwa wimbo wa msichana asubuhi ya soko, wimbo mwepesi, wa mzaha, aliokuwa akimwimbia Peg kila mwaka ili kumchokoza mbele za watu. Na kuusikia wimbo wa mzaha ukiimbwa na mtu mwenye machozi mashavuni lilikuwa jambo zito kuliko maombolezo yoyote. Alisahau ubeti mmoja. Shangazi alimnong'oneza. Akaendelea mpaka mwisho, akiwa amesimama wima kama askari, na ukanda wa gwaride ukipanda na kushuka kifuani pake.

Hapakuwa na makofi. Bwana Twomey aligonga meza.

"Haki ni yako, Kapteni."

Mzee alitoa leso, akafuta uso bila kujificha. Akamtazama Nuala, na Nuala alidhani ataitwa yeye, akavuta pumzi kujiandaa. Lakini macho ya mzee yalimpita. Yalimpita Efraín pia, japo si upesi. Yalisimama juu yake kwa kadiri ya kumpima, na Efraín akapimwa bila kuinama. Mwishowe yalitua dirishani, penye yule mama mwenye mgongo wima, aliyekuwa ameukumbatia mkoba wake na kusikiliza kila neno.

"Yule bibi," alisema mzee. "Namwita yule. Jina lake nani?"

Midomo mingi ilifunguka kumjibu. Nuala aliinua mkono, wote wakanyamaza.

"Masikio anayo, Baba," alisema. "Muulize mwenyewe."

Kapteni aliirudisha leso mfukoni. Kisha alivua kofia, akavuka chumba kile kidogo baina ya viti vya mazishi na magoti ya watu, akasimama mbele ya Doña Iluminada na kuinamisha kichwa. Aliuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu ya watu wa zamani, kama angeweza kulijua jina la bibi.

"Iluminada Colón," alijibu yule mama. Naye hakumpa mkono mara moja. Alimtazama kuanzia viatu hadi mvi, kama atazamavyo mama anayejua thamani ya mwanawe. "Na wewe ni nani?"

Hapakuwa na mtu mjini asiyemjua. Mzee aliyanyoosha mabega yake.

"Cornelius Garrity," alisema. "Baba yake Nuala."